Jogoo ni wa Nani? Mabishano ya Washabiki wa Villa Hapa Makindye



Ukurasa huu wa Kiswahili umezoea kuwaletea habari za mishahara, likizo, na mashauri yaliyoko kwa ofisa wa kazi. Safari hii tunaandika juu ya mpira. Msishangae. Kwa miezi mingi mikutano ya tawi letu la Makindye imekuwa ikichelewa kuanza kwa sababu ya Villa, na mara mbili imechelewa kumalizika kwa sababu hiyo hiyo. Sasa Villa imeingia katika ajenda yenyewe. Wanachama kadhaa wametia sahihi barua wakitaka fedha za mfuko wa michezo wa tawi zitumike kuliandikisha kundi letu uanachama wa Sports Club Villa, ili nasi tupate sauti katika mambo ya klabu. Wengine wameandika barua ya kupinga. Ofisi ya tawi imeombwa ieleze mambo yalivyo kabla ya kura kupigwa, na hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Anayeijua Makindye anajua kwamba Villa si mgeni hapa. Uwanja wao wa mazoezi, Villa Park, ulikuwa Nsambya, katika sehemu yetu hii hii ya wafanyakazi wa reli na polisi. Watoto wakitoka shule walisimama ukingoni wakawaona kwa macho yao watu ambao Jumamosi wangeyasikia majina yao katika redio. Hata jina la utani la timu, Jogoo, ni Kiswahili kitupu. Wapo wenzetu katika mji huu wasemao Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, na hawataki kukisikia nyumbani kwao. Lakini Villa ikifunga bao wanapaza sauti "Jogoo! Jogoo!" na hakuna hata mmoja anayejiuliza anasema lugha gani.

Klabu ilianza mwaka 1975 kwa jina la Nakivubo Boys. Ubingwa wa kwanza wa Uganda iliupata mwaka 1982, na kuanzia 1986 hadi 1990 iliuchukua kila mwaka, wengine wakitazama. Mwaka 1987 ilichukua kombe la klabu bingwa la Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1991 ilifika fainali ya klabu bingwa ya Afrika nzima. Kule Tunis ilifungwa 6-2 na Club Africain, na hapa Kampala ikatoka sare ya 1-1. Mwaka uliofuata ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikashindwa na Shooting Stars ya Nigeria. Hadi kufika 2004 ilikuwa imekuwa bingwa wa nchi mara 16.

Kisha jogoo akanyamaza miaka 20.

Vijana wetu waliojiunga na chama hivi karibuni hawajui maana ya miaka hiyo, kwa hiyo tuieleze kidogo. Polisi walichukua ubingwa mwaka 2005. Watoza kodi wa URA wakauchukua mara nne kati ya 2006 na 2011. Wakaja KCCA, wakaja Vipers. Villa ilipata Kombe la Uganda mwaka 2009 na 2015, lakini kwa klabu iliyozoea kula nyama hayo yalikuwa mchuzi. Viongozi waligombana juu ya nani ana haki ya kuitwa kiongozi. Mwaka 2017 uwanja wa Nakivubo, uliokuwapo tangu 1926, ulivunjwa ili ujengwe upya, na Villa ikawa ya kuhamahama, mara Masaka, mara Wankulukuku kwa watani wetu Express. Jogoo bila banda. Msimu wa 2018/19 timu iliyokuwa imefika fainali za Afrika ilihangaika kupigania isishuke daraja.

Mwaka 2021 klabu ilifanya uchaguzi, na Omar Mandela, mfanyabiashara ajulikanaye hapa mjini, akachaguliwa kuwa rais. Tangu hapo timu ikaanza kujengwa tena, na mwezi wa Mei 2024, chini ya mwalimu Mserbia Dušan Stojanović, Villa ikawa bingwa kwa mara ya 17. Usiku ule Nsambya haikulala. Tuliwaona watu wazima, wenye wajukuu, wakilia barabarani kama watoto walionyang'anywa embe.

Raha haikudumu. Mwalimu aliondoka. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Villa ilitolewa katika klabu bingwa Afrika na Commercial Bank of Ethiopia, raundi ya kwanza tu. Na msimu wa 2024/25 ubingwa ukarudi kwa Vipers. Hapo ndipo mabishano yalipowaka, maana swali likawa jipya: je, tumejengwa kweli, au tulipakwa chokaa?

Mahali pa mabishano ni kibanda cha chai karibu na mzunguko wa Kibuye, Jumatatu jioni. Wanafika mafundi wa kuchomelea vyuma kutoka Katwe, wahudumu wa hoteli na baa kutoka Kabalagala, walinzi wa makampuni kabla ya zamu ya usiku, na wazee wa reli ambao siku hizi hawana zamu yoyote. Anayeongoza mazungumzo, bila kuchaguliwa na mtu, ni mzee mmoja aliyeajiriwa na reli ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika mwaka 1977. Yeye alikuwapo uwanjani siku ya Club Africain, na hakuna siku apitayo bila kulitaja jambo hilo.

Maneno ya mzee ni mafupi. Mshabiki mwaminifu, asema, analipa kiingilio, anakaa, anashangilia, anarudi nyumbani. Timu ikifungwa anarudi tena wiki ijayo. "Mimi nimelipa kiingilio miaka yote ishirini," alituambia. "Sikuuliza nani kiongozi. Mke wangu naye sikumwuliza mara mbili kama ananipenda."

Fundi mmoja wa Katwe, mwenye mikono yenye makovu ya moto, alimjibu kwa heshima lakini hakukubali. "Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu, ila uaminifu haununui wachezaji. Tazama Vipers. Wana mwenyewe mmoja, Lawrence Mulindwa. Yeye ndiye aamuaye, yeye ndiye alipaye. Amejenga uwanja wake Kitende, na tangu walipoitwa Bunamwaya mwaka 2010 hadi 2025 wamechukua ubingwa mara saba. Sisi tukimpata tajiri tunaanza kumdai hesabu kabla hajakaa kitini. Mwacheni mtu afanye kazi!"

Wengi walipiga meza kumwunga mkono. Hatuwalaumu. Mtu aliyengoja miaka 20 akala mlo mmoja, halafu sahani ikaondolewa, haulizi jikoni kuna nani. Anataka sahani irudi.

Aliyebadilisha mazungumzo alikuwa mama mmoja, mhudumu wa hoteli na mwakilishi wa wafanyakazi wenzake. Alikuwa amekaa pembeni akila rolex yake kimya. Akauliza: "Tajiri huyo akichoka, au akifa, au biashara ikimwendea vibaya, Jumatatu inayofuata mtashangilia nini?"

Pakawa kimya kidogo. Swali hilo kwa mtu wa chama cha wafanyakazi si geni, na hapa Uganda lina majibu yaliyokwisha kuandikwa.

Kumbukeni, ndugu, kwamba mpira wa nchi hii ulilelewa makazini. Bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 1968, alikuwa Prisons, timu ya askari jela. Simba ya jeshi ilifika fainali ya Afrika mwaka 1972 ikashindwa na Hafia ya Guinea. Express ilianza mwaka 1957 kwa watu wa gazeti la Uganda Express. Na KCC, ambayo leo ni KCCA, ilianzishwa mwaka 1963 na Samuel Wamala kwa ajili ya wafanyakazi wa idara ya maji taka ya Halmashauri ya Jiji. Watu wa maji taka! Wale ambao mjini watu huziba pua wakipita. Miaka 15 baadaye, mwaka 1978, timu yao ilichukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Hatujui chama chochote cha wafanyakazi ambacho kingeweza kuwapa watu wale heshima kama ile.

Lakini tazama upande wa pili. Mwaka 1979 bingwa wa Uganda alikuwa Uganda Commercial Bank. Benki ya serikali, wafanyakazi wengi, matawi nchi nzima, na timu yenye jezi nzuri. Benki iliingia mikononi mwa Stanbic mwaka 2002. Leo nendeni Nakivubo, nendeni Namboole, nendeni mnakotaka, hamtamkuta mtu anayeshangilia UCB. Watu wa Jinja wanaikumbuka Nytil ya kiwanda cha nguo, na wazee wa Kampala wanaikumbuka Coffee. Timu hizo zilikuwa na washabiki waaminifu kama mzee wetu wa reli. Walilipa kiingilio na kushangilia. Siku mwajiri alipofunga mkoba, au alipouzwa yeye mwenyewe, hakuna aliyewauliza washabiki neno, kwa sababu katika karatasi za klabu hawakuwamo. Ikumbukwe pia kwamba timu ya benki iliyotutoa mwaka 2024 ni ya benki ambayo Waethiopia hawajaiuza.

Villa haikufa katika miaka yake 20 ya njaa, na sisi twaona sababu ni hiyo: haikuwa mali ya kiwanda wala ofisi. Hakukuwa na mlango mmoja wa kufunga. Kila kiongozi aliyeondoka aliwaacha watu wa Nsambya, wa Katwe, wa Masaka, wakiwa bado wanaiita timu yetu. Mzee wa reli ana haki ya kujivuna kwa hilo. Uaminifu wa watu kama yeye ndio uliomfikisha jogoo hai mpaka 2021.

Hata hivyo uaminifu usio na sauti una hatari yake, na washabiki wa Villa wanaujua mfano wake ingawa hawapendi utajwe. Mwaka 2003 tulikuwa tukishindania ubingwa na Express, na tofauti ya mabao ilikuwa na uzito. Villa ikaifunga Akol mabao 22 kwa 1. Ishirini na mbili. Mtu aliyewahi kucheza hata mpira wa matambara uwanjani kwa shule anajua jambo kama hilo lina harufu gani. Ubingwa tuliupata mwaka ule, na mpaka leo Mwana-Express yeyote ukimgusa anakutajia Akol. Tulipolitaja jambo hilo kibandani, mzee alisema, "Yamepita." Fundi akacheka. Mama wa Kabalagala akasema, "Mngekuwa na mkutano wa wanachama wenye meno, asubuhi yake kuna mtu angesimama kujibu."

Watani wetu wa Dar es Salaam, Simba na Yanga, wamepitia mlango huu huu kabla yetu. Yanga ni ya tangu 1935 na Simba tangu 1936, zote mbili klabu za wanachama wenye kadi, wanaopiga kura, wanaogombana mpaka kufikishana mahakamani. Yanga waligombana sana hata mwaka 1976 kundi kubwa likatoka na kuanzisha Pan African. Simba walipoamua kumpokea tajiri Mohammed Dewji, hawakumkabidhi klabu yote. Kanuni za Tanzania zinataka wanachama wabaki na asilimia 51, na mwekezaji 49. Hatusemi Simba hawana matatizo. Wanayo mengi, na wenyewe huyapiga kelele kila wiki. Lakini tajiri akichoka kesho, klabu ina wenyewe.

Basi mnaona kwamba barua ya wanachama wetu si ya kipuuzi. Wanasema hivi: siku za njaa tulikuwapo, siku ya kombe tulikuwapo, nasi tuandikwe. Tajiri alete fedha yake, tutamshukuru, lakini tusome hesabu.

Waliopinga nao wana hoja, na lazima tuiseme kwa haki. Mfuko wa michezo ulichangwa na wote, na ndani ya tawi wamo watu wa Express, wa KCCA, na hata wale wasiojali mpira ila wa Uingereza katika televisheni. Kwa nini fedha ya Mwana-Express ilishe jogoo? Aliyeandika barua hiyo ni mlinzi, Mwana-Express tangu utotoni, na aliongeza jambo lililotuuma. Alisema: kuna wafanyakazi katika makampuni ya ulinzi hapa Makindye ambao tumewafuata miaka mitatu walipe ada ya chama wakasema hawana, na watu hao hao tunawaona uwanjani wamevaa jezi mpya.

Ni kweli. Tumewaona. Tumejiuliza mara nyingi kwa nini mtu ayatoe mapato yake ya siku nzima kwa dakika 90 na asite kutoa kidogo kwa mwezi kwa kitu kinachomlinda kazini. Jibu letu, na wengine ofisini hawalikubali, ni kwamba uwanjani mtu anaona anachokilipia. Chama nacho hakina budi kuonekana. Lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Kuna upande wa tatu ambao katika barua zote mbili haukutajwa, nao ni wachezaji.

Washabiki wakiongea juu ya kujenga timu, huongea kama watu waliopo sokoni Kibuye. Uza huyu, nunua yule, huyu mzee mtupe, yule mtoto mlete. Mchezaji akiondoka kwenda klabu inayomlipa zaidi huitwa msaliti. Tuliwahi kusikia hata marehemu Majid Musisi akiitwa hivyo. Musisi, mfungaji hodari waliyemwita Tyson, aliondoka Villa mwaka 1992 kwenda Rennes ya Ufaransa, na baadaye akacheza Uturuki. Alifariki mwaka 2005. Siku ya msiba wake hakuna aliyelitamka neno usaliti. Swali letu ni rahisi: seremala akipata kazi ya mshahara bora, je, sisi wa chama humwambia abaki kwa uaminifu?

Mwaka fulani alitujia ofisini kijana mrefu, mlinzi wa usiku katika kampuni moja. Alitaka tumsaidie, lakini dai lake halikuhusu ulinzi. Mchana alikuwa kipa wa klabu moja ya daraja la chini, tusiyoitaja. Aliumia goti mazoezini. Mshahara wa miezi mitano alikuwa hajalipwa, na tangu alipoumia hakuna aliyepokea simu yake. Tulimwomba mkataba. Akatoa simu akatuonyesha ujumbe wa kiongozi mmoja uliosema "karibu sana nyumbani". Huo ndio uliokuwa mkataba.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, mshahara gani, unalipwa lini. Tuliandika barua kwa klabu ile tukitaja sheria. Tulijibiwa kwa mdomo kwamba mpira si kazi, ni kipaji. Tukaandika ya pili. Mwishowe walilipa sehemu, goti akalitibu kwa mchango wa walinzi wenzake, na mpira hakucheza tena. Bado ni mwanachama wetu na ada yake haijawahi kuchelewa.

Wenzetu wa nchi nyingine walipita njia hiyo zamani. Uingereza wachezaji walianzisha chama chao mwaka 1907. Hadi mwaka 1961 kulikuwa na kikomo cha mshahara, pauni 20 kwa wiki, hata kama mchezaji anajaza uwanja wa watu 50,000. Kikomo hicho kiliondolewa baada ya wachezaji, wakiongozwa na Jimmy Hill, kutishia kugoma. Marekani nako kuna besiboli, ule mchezo wa gongo ambao vijana wa Lugazi waliuchezea kule Pennsylvania mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika katika mashindano ya dunia ya watoto. Wamarekani huipenda besiboli kama sisi tunavyompenda Jogoo. Lakini kwa miaka mingi mchezaji wake alikuwa kama mali ya klabu: akishatia sahihi mara moja, klabu iliweza kumshikilia maisha yake yote ya mchezo au kumpeleka kwingine bila kumwuliza.

Mwaka 1966 wachezaji wale walimchukua Marvin Miller, mchumi wa chama cha wafanyakazi wa chuma, akawa kiongozi wa chama chao. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi wa St. Louis aliyekuwa ameitumikia timu yake miaka 12, aliambiwa amehamishiwa Philadelphia. Alikataa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1972 akashindwa katika mahakama kuu kabisa ya nchi ile. Riziki yake ya mchezo ilikwisha. Ila mwaka 1975 chama kilishinda shauri jingine mbele ya msuluhishi, na minyororo ile ikakatika. Na washabiki? Wengi walimzomea Flood, wakasema hana uaminifu. Klabu iliyomhamisha bila kumwuliza hakuna aliyeizomea kwa kukosa uaminifu.

Tulipoyasoma haya kibandani, fundi wa Katwe alikaa kimya muda, kisha akauliza kama huyo Flood alipata kulipwa fidia. Tukamwambia hapana. Akatukana kidogo, tusiyoweza kuandika.

Sasa turudi kwenye matumaini ya Villa, maana najua wengine wameruka mistari yote hii wakitafuta mahali tutakaposema kama tutachukua ubingwa. Ofisi ya tawi haina unabii. Tunasema tu tunavyoona. Ubingwa wa 2024 haukuwa bahati. Timu iliyohangaika na kushuka daraja mwaka 2019 haipandi mpaka juu katika miaka mitano kwa bahati. Lakini kikosi kilichopoteza mwalimu baada tu ya kombe, kikatolewa Afrika mapema, na kikaona ubingwa ukirudi Kitende, bado hakina msingi wa saruji. Wale wanaotaka kila mechi mwalimu afukuzwe wanachelewesha kazi. Wale wasemao mwachieni tajiri kila kitu wanajenga katika kiwanja kisicho na hati. Na uwanja wa nyumbani, ndugu, uwanja! Klabu iliyoshinda ubingwa mara 17 bado inaangalia pa kuchezea kama mpangaji anayedaiwa kodi. Katika hesabu tutakazodai, ukurasa wa kwanza uwe huo, na wa pili uwe orodha ya mishahara ya wachezaji na tarehe iliyolipwa.

Baada ya kusikiliza pande zote, kamati ya tawi imependekeza hivi. Fedha za mfuko wa michezo zisiguswe, kwa kuwa ni za wote, Express na KCCA wakiwamo. Badala yake washabiki wa Villa walio wanachama hai wa chama wachange wenyewe, wajiandikishe kwa kundi moja, na wamchague mtu mmoja wa kuwawakilisha klabuni na kurudi kuwaeleza kila baada ya miezi mitatu. Mwakilishi huyo apewe maagizo mawili tu ya kuanzia: aulize hesabu, na aulize mikataba ya wachezaji iko wapi. Washabiki wa klabu nyingine wakitaka kufanya vivyo hivyo, ofisi itawasaidia kuandika barua, hata wale wa Express, ingawa mwandishi wa barua atakuwa mtu wa Villa na mkono wake unaweza kutetemeka.

Mzee wa reli amekataa kugombea uwakilishi. Amesema yeye kazi yake ni kulipa kiingilio. Mama wa Kabalagala amependekezwa na wengi lakini hajajibu, anasema kwanza ataongea na mumewe, ambaye ni KCCA.

Kura itapigwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, ofisini kwa tawi. Kila anayetaka kupiga kura aje na risiti ya ada ya mwezi huu. Wana-Express wanakaribishwa kusikiliza, chai ipo, ila kura katika jambo hili hawana.